Dada Wapya wa Binti Yangu

Binti yangu alinipigia simu Jumapili moja saa tatu ya usiku hapa Nakivale, na huko kwao Kentucky ilikuwa bado mchana. Kwa kawaida tunaongea juu ya masomo, juu ya baridi, juu ya wadogo zake kama wamekula. Siku hiyo alianza kwa kukaa kimya.

“Mama, niko na kitu ya kukuambia, lakini usikasirike.”

Mzazi akisikia maneno hayo anahesabu haraka haraka: mimba, polisi, ugonjwa. Nikamwambia sema tu.

“Niko nataka kuingia mu kikundi fulani ya chuo. Ya babinti tu. Banaita sororiti. Ukishaingia, munakuwa badada mpaka kufa.”

“Badada? Na hawa badogo yako huku njo banani?”

Hilo hakulijibu. Akaniambia jambo la pili, ambalo nadhani ndilo lililomfanya aogope: kuna pesa ya kuingia na pesa ya kila muhula. Kwa hiyo kwa miezi michache, badala ya kututumia dola 100, atakuwa anatuma 40.

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao haukuwa unasumbua.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu wa hapa, na wa Nyarugusu, Kakuma na Dzaleka, ambao watoto wao walitangulia. Tunajua kuwauliza kama wanasali, kama wanakula, kama wamepata karatasi. Lakini iko siku mtoto atakuja na neno ambalo halimo katika lugha zetu zote, na atataka baraka juu yake. Utamjibu nini? Mimi nilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo nilijifunza mambo juu ya sororiti, na mengine juu yangu mwenyewe ambayo sikuwa nayatafuta.

Kwanza niseme alifikaje huko bila mimi. Julai 2012 vita ilipofika Bunagana na Rutshuru, tulikimbia kila mtu na njia yake. Yeye alikuwa na miaka saba. Alivuka mpaka ameshikwa mkono na dada yangu mkubwa. Mimi na wadogo zake wawili tulibaki nyuma, tukafika Uganda baada ya miezi. Baba yao hatukumwona tena. Nilipompata binti yangu, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye karatasi ya familia ya dada yangu. Nikasema tutarekebisha. Kabla hatujarekebisha, dada yangu akaitwa kwenda Marekani. Ilikuwa 2016. Ningeweza kukataa mtoto asiende. Nikamwachilia, juu nilidhani sisi tutafuata. Tulifanya mahojiano, tukapimwa afya, tukangoja. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na kesi yetu ikalala pamoja na za wengine wengi hapa.

Kwa hiyo aliposema “badada mpaka kufa”, sikusikia habari ya chuo. Nilisikia mtoto ambaye ameshaelewa kwamba sisi hatuji.

Nilianza kuuliza. Nilimsumbua kijana mmoja wa hapa Base Camp anayesoma Kiingereza vizuri, nikamsumbua dada yangu, halafu nikamsumbua binti mwenyewe kwa ujumbe. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sororiti ni chama cha wanawake wanafunzi katika vyuo vikuu vya Marekani. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini na maana yake inatokana na dada. Waliosoma Kifaransa watalisikia humo. Vyama hivyo vinaitwa kwa herufi za Kigiriki, na kila kimoja kina matawi katika vyuo vingi, kina rangi zake, nyimbo zake, kanuni zake na siri zake. Vya wanaume viko pia, na ni vya zamani zaidi. Mwanafunzi haingii kwa kujiandikisha tu kama mtu anavyoingia kwaya. Anaomba, anaangaliwa, na walio ndani wanachagua. Wanatazama alama zake za darasani, tabia yake, kazi alizofanya za kusaidia watu. Akikubaliwa anapita kipindi cha kufundishwa, kisha anaapishwa katika sherehe ambayo watu wa nje hawaingii. Mara nyingi anapewa dada mmoja mkubwa wa kumwongoza.

Kuna aina mbili kubwa ambazo mzazi asizichanganye. Kuna vile vya muungano ulioanza 1902, ambavyo leo ni vyama 26. Asili yake ni wasichana wa Kizungu, ingawa siku hizi kwa kanuni mlango uko wazi kwa kila mmoja. Hivyo ndivyo vyenye majumba makubwa karibu na chuo, na wanaotaka kuingia wanazunguka nyumba hadi nyumba kwa siku kadhaa wakijionyesha. Halafu kuna vyama tisa vya Wamarekani Weusi, na vinne kati yake ni vya wanawake. Alpha Kappa Alpha kilianza 1908, Delta Sigma Theta 1913, Zeta Phi Beta 1920, vyote vitatu katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Cha nne, Sigma Gamma Rho, kilianzishwa na walimu saba wa shule mjini Indianapolis mwaka 1922. Katika hivi vya Weusi, kumaliza chuo si kumaliza chama. Wanawake wenye wajukuu bado wanalipa ada na kuhudhuria mikutano. Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais, aliingia Alpha Kappa Alpha akiwa mwanafunzi wa Howard.

Binti yangu anataka kimoja kati ya hivyo vinne. Jina sitalitaja, maana wao hawapendi mtu ajitangaze kabla hajakubaliwa, na mimi sitaki kumharibia.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa ile siri. Sisi tunatoka mahali ambapo kitu kinachofanywa usiku, mlango umefungwa, mara nyingi hakileti mema. Mchungaji niliyemuuliza alisema kiapo ambacho huwezi kukisema mbele ya kanisa ni cha kuogopa. Nilikaa na wazo hilo siku mbili. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi niko na siri.

Tuko wanawake kumi na watatu wa likirimba. Wengine mnaita upatu, mchezo, chama. Kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja analeta shilingi 10,000, na mmoja wetu anabeba zote. Tuna kanuni, na anayechelewa anatozwa. Tuna kitenge cha sare tulichoshona pamoja, na tukikivaa kwenye msiba watu wanajua ni akina nani hao. Na tuna mambo ambayo hatumwambii mtu hata mume: nani alishindwa kulipa tukamlipia, nani aliomba pesa ya kumtoa mtoto kituo cha polisi. Hakuna aliyewahi kutuita wachawi.

Basi siri peke yake haikunitosha kukataa. Siri yetu inamfunika mwenzetu asiaibike. Ziko siri nyingine zinazomfunika anayekosea. Ukiwa nje huwezi kuzitofautisha. Inabidi umtazame anayetoka ndani: je, anaweza kusema alichofanyiwa?

Maana hatari iko, na mzazi asidanganywe. Kwetu Kongo tunaijua. Vyuo vyetu vilirithi kwa Wabelgiji desturi ya kuwabatiza wanafunzi wapya, wale wanaoitwa “bleu”: kuwaamsha usiku, kuwapaka uchafu, kuwatukana. Kaka yangu alipitia hayo na alikuwa akicheka akisimulia, lakini kuna kipande kimoja cha hadithi alikuwa akikiruka kila mara. Huko Marekani mambo hayo yameua watu, zaidi katika vyama vya wanaume, na zaidi kwa pombe ya kulazimishwa. Vyama tisa vya Weusi vilipiga marufuku mtindo wa zamani wa kuwapokea wapya mwaka 1990. Mwaka 2023 jimbo la Kentucky lilipitisha sheria inayofanya mateso hayo kuwa kosa kubwa la jinai kama yameleta kifo au jeraha baya. Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyokutwa na kosa hilo. Mimi naona sheria inayotungwa tena na tena ni dalili kwamba jambo bado liko. Lakini pia ina faida kwetu: unaweza kumwambia mtoto afungue ukurasa wa chuo chake, atazame kama chama anachokitaka kimetajwa, na akusomee. Hata ukiwa kambini unaweza kuomba hilo.

Mjue na jambo lingine. Nyumba nyingi za vyama vya wanawake haziruhusu pombe ndani, kwa hiyo sherehe zinafanyika kwenye nyumba za wavulana. Ukimuuliza binti juu ya dada zake tu, umeuliza nusu. Muulize pia wanaalikwa wapi Ijumaa usiku, na wanarudi wangapi pamoja.

Hofu yangu ya pili ilikuwa pesa, na hii niliona aibu kuisema.

Ada za vyama hivyo hazilingani. Kuna mahali ni mamia ya dola, na penye nyumba ya kulala na kula ni maelfu kwa mwaka. Kwa binti yangu maana yake ilikuwa dola 60 kupungua kila mwezi. Ninyi mlioko hapa mnajua dola 60 ni nini. Mgao wa chakula Uganda ulikatwa 2020, ukakatwa tena 2021, na baadaye tukagawanywa kwa makundi, wengine wakapata kidogo na wengine wakatolewa kabisa. Katika zile dola kuna maharage, kuna sabuni, kuna minerval ya wadogo zake wawili.

Nilimwandikia ujumbe: “Unanunua dada kwa chakula cha ndugu zako.” Nikausoma. Nikaufuta. Nilipousoma nilimsikia mtu anayedai deni, na mtu huyo alikuwa mimi.

Hapa nataka tufikiri pamoja, maana jambo hili linagawa familia nyingi za kwetu. Mtoto ana wajibu kwa wazazi wake. Sitasema hana, na watoto wetu wenyewe hawasemi. Binti yangu anafanya kazi jikoni ya chuo jioni, anasomea uuguzi mchana, na tangu aanze kazi hajaruka mwezi hata mmoja. Lakini je, wajibu huo una mpaka? Kama kila dola anayopata ni yetu kabla hajaigusa, basi mtoto hatukumpeleka kusoma, tulimpeleka kazini. Na kama tunasema ni yake, tuna haki gani ya kumwambia hii ni ya chakula na hii ni ya anasa? Kwa mwanadamu, kuwa na watu ni anasa?

Dada yangu ndiye aliyenijibu bila kujua. Nilimpigia nikitaka aungane nami kumzuia. Akanisikiliza, kisha akaniambia jambo ambalo binti alimkataza asiniambie. Mwaka wa kwanza chuoni binti yangu alikuwa anachukua sahani yake na kwenda kula chooni. Amejifungia mlango, amekalia kifuniko. Juu hakutaka watu wamwone anakula peke yake.

Mwaka huo wote nilikuwa nampigia kila Jumapili na kumuuliza kama amekula. Alikuwa ananijibu ndiyo. Hakuwa anadanganya.

Usiku huo sikulala. Kuna methali tunayoijua wote, undugu ni kufaana, si kufanana. Tunaisema sana hapa kambini, tunaisema harusini na matangani, juu hapa karibu hakuna aliye na ukoo wake wote. Nilipougua 2019, walionibeba mpaka Mbarara ni wenzangu wa likirimba. Hakuna hata mmoja wa ukoo wangu. Mmoja wao ni wa Uvira, mwingine wa Masisi, mwingine tunaelewana kwa nusu ya maneno tu. Walioosha watoto wangu wiki hizo mbili ni wao. Na dada yangu aliyemlea binti yangu miaka tisa huko, wakati mimi ni sauti kwenye simu, yeye ameitwa nani? Binti anamwita mama. Nilimruhusu.

Kwa hiyo mimi ambaye nimeishi kwa dada wa kuokota, nitamwambiaje mtoto kwamba dada ni wa kuzaliwa tu?

Niliposoma vyama hivi vilianzaje, niliona vimeanza kama sisi. Mwaka 1870 wanawake wanne wa chuo kimoja cha Indiana walianzisha chama chao, wakati wanawake ndiyo kwanza wanaruhusiwa kusoma hapo na wanaume wengi hawakuwataka. Wale wa Howard walikuwa binti na wajukuu wa watu waliokuwa watumwa, katika nchi ambayo Mweusi hakukaa meza moja na Mzungu. Machi 3, 1913, wanafunzi wa Delta Sigma Theta, chama chenye miezi miwili tu tangu kianzishwe na wasichana 22, waliandamana Washington pamoja na wanawake waliodai kura, katika maandamano ambayo wapo waandaaji waliotaka Weusi watembee nyuma. Watu waliofungiwa milango walijijengea chumba chao. Hilo mkimbizi hahitaji kufafanuliwa.

Lakini anayejenga chumba anaweka mlango, na mlango una mtu wa kuufungua na kuufunga. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama liliandika kwamba msichana Mweusi mwenye alama nzuri sana alikataliwa na vyama vya Wazungu, na kwamba katika baadhi ya vyama wasichana waliomo walimtaka, ila wanachama wa zamani walizuia. Chuo kikalazimika kufungua tena nafasi. Mwaka 2013, si 1913. Nao Weusi wenyewe wamelaumiana kwa miaka mingi kwamba zamani kuna matawi yaliyopendelea wenye ngozi nyeupe zaidi. Nikamwambia yule kijana anayenisomea: unaona, hawa watu ni wabaguzi. Akanijibu taratibu, “Mama, kwani sisi?”

Sijui alikuwa anafikiria nini. Mimi nilimfikiria mama mmoja.

Ilikuwa 2021, baada ya mgao kukatwa mara ya pili. Mama huyo anakaa mistari mitatu kutoka kwangu. Alikuja siku ya Jumapili tukiwa tumekaa, akasalimia, akasema anaomba kuingia likirimba. Alikuwa na 10,000 yake mkononi. Lugha anayoongea na watoto wake ni lugha waliyokuwa wanaongea watu walioingia kijiji chetu. Yeye si wao. Yeye pia alikimbia, na nasikia alimpoteza mume. Hayo nilikuwa nayajua siku ile ile. Lakini tulitazamana sisi kwa sisi, na mimi ndiye niliyekuwa mwandishi, mwenye daftari. Nikamwambia kwa upole, “Samahani, idadi imejaa. Tuko kumi na wawili.”

Akasema, “Sawa, dada.” Aliniita dada.

Baada ya wiki mbili tulimwandika mama mwingine, wa kumi na tatu. Hakuna aliyesema kitu.

Mwezi huo huo, tukiwa tumekaa Jumapili, tulimwona yule mama anapita barabarani na mtoto wake mkubwa. Walikuwa wamebeba mabati. Mdogo wake alikuwa anaumwa, alihitaji kufikishwa Mbarara, na mama alikuwa anauza paa la nyumba yake apate nauli na pesa ya dawa. Siku hiyo kwenye meza yetu kulikuwa na shilingi 130,000. Alipita, akatusalimia kwa kichwa. Tukamjibu. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Nyumba yao mvua nzima ilifunikwa kwa hema la plastiki.

Sikuwahi kumsimulia mtu jambo hili. Ni siri ya likirimba, na ni ile ya aina ya pili niliyoisema juu.

Wiki ya tatu nilimpigia binti yangu. Nilikuwa nimeandaa maswali mengi kwenye karatasi, yamebaki matatu.

La kwanza: je, kuna kitu watakachokufanyia au watakachokutaka ufanye, ambacho huwezi kuniambia mimi au mama yako wa huko? Simaanishi nyimbo zao na ishara zao za mikono, hizo wakae nazo. Namaanisha kitu kwenye mwili wako, au kwenye mwili wa mwenzako. Akasema kanuni zinakataza, na kwamba akiona dalili ataondoka. Nikamwambia usingoje uhakika, ondoka kwenye dalili.

La pili: ukitaka kutoka, unaweza? Akacheka. “Naweza, mama. Ila mafranga hairudi.” Nikacheka na mimi. Likirimba yetu pia hairudishi.

La tatu: nani anabaki nje?

Hapo alinyamaza. Nikadhani safari hii mtandao unasumbua kweli. Halafu akasema kuna msichana wa Burundi wanayekaa naye chumba kimoja, na walikuwa pamoja tangu mwanzo. Yeye ana kazi mbili na alama zake zimeshuka. Hawezi kuomba. “Tulikuwa tunakula wawili, mama. Tangu mwaka wa pili. Nikiingia, sijui atakula na nani.”

Kumbe aliyemtoa chooni ni huyo. Na hakuhitaji herufi za Kigiriki.

Sikumwambia asiingie. Wazazi wengine mtanilaumu, na mchungaji ameshanilaumu. Nilimpa baraka, nikamwambia dola 40 zinatosha na tutapanga. Lakini nilimwambia pia kwamba baraka yangu ina sharti moja, na sharti hilo sitaweza kulikagua kutoka hapa: siku utakapokuwa wewe ndiye unayeshika daftari, ukitaka kumwambia mtu idadi imejaa, hesabu kwanza. Akaniuliza maana yake ni nini. Ndipo nikamsimulia habari ya mabati. Alikuwa wa kwanza kuisikia.

Hakuniambia pole. Aliuliza, “Na sasa yule mama yuko wapi?”

“Yuko tu hapa. Mistari mitatu.”

“Basi?”

Mtoto akishakua anakuuliza neno moja hilo, na huna pa kwenda.

Jumapili iliyofuata nilifungua daftari nikasema mbele ya wote kile tulichofanya. Walikuwepo waliokasirika. Mmoja alisema nimeleta mambo ya Marekani. Mwingine, ambaye vita ilimchukulia watoto wawili, aliondoka bila neno, na huyo siwezi kumhukumu. Hakuna mtu wa kumwambia mwanamke huyo akae na lugha ile kila Jumapili kabla moyo wake haujataka. Hapo ndipo jambo hili linaponishinda. Najua kuwa yule mama alionewa, na najua kuwa huyu wetu haonei kwa kupenda. Tulikubaliana saba tumwite, wengine wakasema watanyamaza.

Nilikwenda mimi mwenyewe, jioni. Amepata mabati mengine, ya zamani, yana matundu. Alinipa kiti, akaketi kwenye jerikeni. Nikamwambia tunamkaribisha likirimba kama bado anataka.

Akanitazama kwa muda. Akauliza, “Mulisema idadi imejaa. Nani ametoka?”

Ningeweza kumwambia mmoja alihama, na angeniamini. Nikamwambia ukweli: hakuna aliyetoka. Haikuwa imejaa.

Akasema, “Nilijua.” Kisha akasema atafikiri.

Mpaka naandika haya hajajibu. Nimeacha mstari wa kumi na nne wazi katika daftari. Binti yangu anaapishwa mwezi ujao, na mimi sitajua kinachosemwa ndani ya chumba hicho. Ameniambia tu kwamba yule wa Burundi atamngoja nje, halafu wataenda kula.